Data za wagonjwa ndani ya simu: Keystore, TEE na StrongBox zinalinda nini hasa?

mama_apu

Wakuu habari za humu. Natengeneza apu ambayo wahudumu wa afya wanaandikia taarifa za wagonjwa wakiwa mahali hakuna mtandao, afu mtandao ukirudi inasukuma kila kitu kwenye seva. Kwa hiyo ndani ya simu kunakaa vitu viwili ambavyo siwezi kuvichukulia poa: tokeni ya kuingilia kwenye seva, na databesi ya SQLite yenye majina, vipimo, majibu ya VVU, ujauzito, yaani vitu ambavyo vikivuja mtu anaumia kweli na hakuna cha kusema badilisha nenosiri yaishe.

Saa hivi databesi imesimbwa kwa SQLCipher (laibrari ya kusimba faili zima la SQLite). Nenosiri lake linazalishwa apu inapofunguliwa mara ya kwanza na linakaa kwenye EncryptedSharedPreferences (hifadhi ndogo ya mipangilio ya apu iliyosimbwa). Android tunaanzia toleo la 8, iPhone zipo ila chache. Tulimpa mtu wa kupima usalama, akachukua simu ya majaribio iliyorutiwa (iliyofunguliwa mamlaka yote ya mfumo), akaingiza Frida (zana ya kuchungulia na kubadilisha apu ikiwa inakimbia) ndani ya apu na databesi ikawa wazi yote mbele yake. Ripoti yake inasema tutumie "ulinzi wa hadwea" na imeishia hapo.

Sasa ninachoshindwa kuelewa, EncryptedSharedPreferences si inatumia Android Keystore (ghala la funguo la Android), na Keystore si ndo hiyo hadwea yenyewe, sasa huyu jamaa alipitia wapi? Na StrongBox ni kitu cha ziada au ni jina jingine la kitu hicho hicho? Alama ya kidole tunayo tayari kwenye skrini ya kuingilia, mtumiaji akiweka kidole tunapata jibu la ndiyo tunamfungulia, lakini jamaa aliiruka kana kwamba haipo. Naomba mtu anieleweshe kitu kizima kinavyofanya kazi, sio kunitajia jina la laibrari, maana nataka nijue ninachomwahidi mgonjwa ni nini.

---

kitasa

Dada hilo swali lako la kwanza ndo limebeba mengine yote kwa hiyo ntakaa hapo kidogo.

Kazi ya hadwea ni kuhakikisha ufunguo hautoki nje ya simu. Basi. Mtu yeyote anayeweza kuongea na Keystore kwa jina la apu yako bado anaweza kuiomba imsimbulie, na itamsimbulia bila kuuliza, kama wewe mwenyewe hukuweka sharti lolote wakati wa kutengeneza ufunguo. Huyo mpimaji hakuuiba ufunguo. Aliingia ndani ya prosesi ya apu yako, akasubiri apu iombe nenosiri la databesi kama inavyofanya kila siku, akalichukua likiwa tayari liko kwenye memori. Kwa upande wa hadwea kila kitu kilikuwa halali kabisa.

Ndani inakwenda hivi. Simu nyingi za Android zina prosesa ya ARM yenye TrustZone, yaani prosesa ile ile inaendesha pande mbili zilizotengana: upande wa kawaida ambako kuna Android na kerneli yake na apu zote, na upande uliofichwa unaoendesha mfumo wake mdogo, kwa mfano Trusty ya Google au QSEE ya Qualcomm. Huo upande wa pili ndo watu wanauita TEE. Apu yako ikisema kwa KeyGenParameterSpec tengeneza ufunguo wa AES (aina ya usimbaji), ufunguo unazaliwa kule, na kinachorudi kwako ni jina tu la kuuitia. Kwenye diski unahifadhiwa kama kifurushi kilichosimbwa ambacho kinafunguka ndani ya TEE peke yake, hivyo mtu aliyenakili diski nzima akaenda nayo kwenye kompyuta yake amebeba makapi. Hilo ndo jambo kubwa ambalo Keystore inakupa na sio dogo, maana bila hiyo simu ikiibwa mtu anachukua faili anaondoka nalo anaenda kulivunja taratibu kwake.

Keystore ipo tangu Android 4.3 ya mwaka 2013 ila AES imekuja na Android 6.0, kwa hiyo wewe unayeanzia 8 uko sawa.

Sasa hilo la kidole. We unachofanya ni kumuuliza mtumiaji kidole, unapata ndiyo au hapana, afu msimbo wako wa kawaida unaamua kumfungulia. Hiyo ndiyo ni kibadilika kimoja tu ndani ya prosesi yako na Frida inaigeuza kwa mistari michache. Kinachotakiwa ni ufunguo wenyewe ukatae kufanya kazi mpaka kidole kiwekwe. Unatengeneza ufunguo na setUserAuthenticationRequired(true), kisha kwenye Android 11 kwenda juu unaweka setUserAuthenticationParameters(0, AUTH_BIOMETRIC_STRONG), na chini ya hapo unatumia ile ya zamani setUserAuthenticationValidityDurationSeconds. Kisha BiometricPrompt, ile skrini ya Android ya kuomba kidole, unaiita ukiwa umeipa CryptoObject, kibebeo chenye Cipher (operesheni yako ya kusimbua) ndani. Usipoiweka hiyo CryptoObject umerudi kule kule kwa ndiyo na hapana.

Kwa nini hii Frida haiiruki? Kwa sababu kidole kinapokubaliwa, sehemu ya alama za vidole ambayo nayo iko ndani ya TEE inatoa kithibitisho kilichotiwa sahihi ya HMAC (muhuri unaotengenezwa kwa ufunguo wa siri), na ufunguo wa hiyo HMAC unajulikana na TEE peke yake. Keystore inakipeleka hicho kithibitisho, upande uliofichwa unakikagua, kikiwa cha uongo operesheni inakataliwa. Hata mwenye ruti kwenye Android hawezi kukitengeneza maana hicho kitu hakikupita kwenye mikono ya Android kabla ya kusainiwa.

Ila nikuambie na upande mgumu ili usije ukamwahidi mgonjwa kitu ambacho hakipo. Mwenye simu akiweka kidole chake mwenyewe kwenye simu ambayo tayari imeingiliwa, databesi ikafunguka, nenosiri liko kwenye RAM ya kawaida na anayevizia ndani ataliona. Hadwea haina la kufanya hapo. Inachokulinda ni simu iliyopotea, simu iliyoibwa, faili lililonakiliwa, bakapu iliyovuja, na hizo kwa wahudumu wanaotembea na simu mfukoni ndo hatari za kila siku.

Afu la mwisho kwa leo, EncryptedSharedPreferences na hiyo security-crypto nzima ya Jetpack Google waliitangaza kuwa imepitwa mwaka 2025. Inaendelea kufanya kazi lakini usijenge kitu kipya juu yake, tumia Keystore moja kwa moja au Tink (laibrari ya usimbaji ya Google) pamoja na DataStore (hifadhi mpya ya mipangilio ya apu).

---

chipu_ndogo

Naongezea la StrongBox maana kitasa kalipita.

StrongBox ni kitu kingine kabisa. TEE inatumia prosesa ile ile ya Android iliyogawanywa, lakini StrongBox ni chipu iliyotengwa yenye CPU yake, hifadhi yake na kizalishi chake cha namba nasibu, na imeundwa kuhimili mtu anayeichokoa kwa mikono. Ilikuja na Android 9 mwaka 2018, na Pixel 3 ya mwaka huo huo ilikuwa na chipu ya Titan M. Unaiomba kwa setIsStrongBoxBacked(true) na kama simu haina unapigwa StrongBoxUnavailableException, unaikamata unarudi kwenye TEE. Simu nyingi za bei ya chini hazina kwa hiyo usiifanye sharti la apu kufunguka, utawafungia nje wahudumu wenye shida ya kweli.

Mambo mawili ya kuangalia. Inajua aina chache tu za usimbaji na sahihi: AES 128 na 256, RSA 2048, ECDSA ya P-256, HMAC-SHA256 na vingine viwili vitatu. Na ni nzito, tena nzito sana, usithubutu kuipitishia databesi. Kwanza hata TEE usiipitishie data nyingi, kila ombi linatoka kwenye apu linapita Binder (njia ya Android ya prosesi kuongea) linafika Keystore linavuka kwenda upande wa pili na kurudi. Wewe zalisha ufunguo wa databesi wa baiti 32 kwa kawaida, SQLCipher iutumie huo kwa kasi yake, na ufunguo wa hadwea uwe na kazi moja tu ya kuufunika (yaani kuusimba) na kuufunua ule mdogo wa databesi. Ukiufunika kwa AES-GCM (namna ya kusimba inayogundua pia data iliyochezewa) hifadhi IV yake (namba ya kuanzia, isiyotakiwa kurudiwa) ya baiti 12 pembeni ya hicho kilichofunikwa, na IV usiichague wewe, Keystore kwa kawaida inakulazimisha itoe yenyewe na ina sababu nzuri sana ambayo ntaieleza sasa hivi.

Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv walionyesha kwamba simu za Samsung Galaxy kuanzia S8 mpaka S21, karibu simu milioni 100, zilikuwa na kasoro kwenye ile sehemu ya TEE inayotunza funguo. Kitasa kasema vile vifurushi vya funguo vinavyokaa kwenye diski vimesimbwa si ndiyo, sasa pale vilisimbwa kwa AES-GCM na mshambuliaji aliye nje ya TEE aliweza kuchagua IV, akirudia IV ile ile mara mbili kwa ufunguo ule ule hesabu ya GCM inabomoka na vilivyomo vinatoka. Simu mpya kidogo zilikuwa na muundo wa vifurushi ulio bora lakini watafiti wakaweza kuzishusha zitumie ule wa zamani. Samsung walishaziba mwaka 2021 kabla utafiti haujatoka, ila nimeusimulia kwa sababu unaonyesha TEE nayo ni programu, imeandikwa na watu, ina bagi. Chipu iliyotengwa ina msimbo mdogo zaidi na haishiriki prosesa na mtu, ndo maana ikiwepo itumie.

Na usiamini tu kwamba ufunguo wako uko kwenye hadwea, uliza. Android 12 kwenda juu kuna KeyInfo.getSecurityLevel(), chini yake kuna isInsideSecureHardware(). Kwenye emuleta utapata jibu la programu tupu kwa hiyo majaribio ya hivi vitu yafanyie kwenye simu halisi, za watengenezaji tofauti, mpya na kuukuu.

---

mjenzi_wa_usiku

Samahani wakuu mi naona tunamzungusha dada. Kama mwenye ruti akivizia anapata kila kitu mtu akishaweka kidole, na TEE zenyewe zinavunjwa, si bora aweke kigunduzi cha ruti apu ikatae kufunguka na amalize? Haya mambo ya CryptoObject yatamletea malalamiko ya watumiaji tu.

---

kitasa

Hapana mkuu, hilo nakupinga na nakupinga kwa nguvu. Kigunduzi cha ruti ni msimbo unaokimbia kwenye simu ambayo mshambuliaji ndo bosi wake, yaani unamuuliza mwizi kama ni mwizi. Kuna hati (skripti) za Frida zimejaa mtandaoni za kuzima vigunduzi vinavyojulikana, na yule mpimaji wa dada angeizima kabla hajaanza kazi. Kiweke kama kikwazo kidogo sawa, lakini kisibebe kitu chochote.

Halafu fikiria simu iliyosahaulika kwenye gari. Aliyeiokota anairuti, anapata faili zote, anapata kifurushi cha ufunguo. Kwa njia ya sasa ya dada anafungua apu, Keystore inasimbua, wagonjwa wote wako wazi. Kwa njia ya ufunguo unaodai kidole Keystore inamkatalia, na hawezi kwenda kubahatisha PIN kwenye kompyuta yenye nguvu kwa sababu PIN nayo inakaguliwa ndani ya hadwea na inachelewesha kila anapokosea. Matokeo ya hizo njia mbili ni tofauti kabisa kwa mgonjwa ambaye jina lake liko mle. Malalamiko ya kuweka kidole tunaweza kuyapunguza, hilo lina dawa.

Dawa yenyewe ni hii. Usidai kidole kila rekodi inapofunguliwa. Tumia muda, mfano sekunde 300, na ruhusu AUTH_BIOMETRIC_STRONG pamoja na AUTH_DEVICE_CREDENTIAL, hapo ufunguo unakubali kufanya kazi ndani ya dakika tano tangu mtu alipoweka kidole au PIN, hata kama ilikuwa ni kuifungua simu yenyewe. Mhudumu aliyetoka kufungua simu hataulizwa tena. Apu ikikaa bila kuguswa funga databesi, futa ufunguo mdogo kwenye memori, ikifunguliwa tena iombe upya. Angalia tu kwamba kuchanganya kidole na PIN kwa namna hiyo kwenye toleo la 11 kunakwenda vizuri, kwenye matoleo ya nyuma ile njia ya sekunde ndo utakayokuwa nayo, ijaribu toleo kwa toleo.

---

nuru_ios

iPhone hamjaigusa, naleta kwa ufupi maana upande huu mambo machache zaidi ya kuchagua.

Secure Enclave iko tangu iPhone 5s ya 2013, ni prosesa ndogo iliyotengwa yenye kitambulisho kilichochomwa ndani ya chipu ambacho hata Apple wenyewe wanasema hawakitunzi. Funguo za kawaida za kutengeneza mle ni za P-256 (jozi ya ufunguo wa siri na wa umma), unazitengeneza kwa CryptoKit (laibrari ya usimbaji ya Apple) tangu iOS 13, na huwezi kuingiza ufunguo wa nje, lazima uzaliwe mle mle. Kwa databesi yako zalisha ufunguo mdogo kama alivyosema chipu_ndogo kisha ufunike kwa ufunguo wa umma wa ule wa P-256 (wa umma unasimba tu, wa siri ndo unasimbua), kuufunua kunapita Secure Enclave. Ila mara nyingi Keychain (ghala la siri la iPhone) peke yake inatosha, kwa sababu kila siri iliyo ndani ya Keychain kuisoma kunapita Secure Enclave hata hivyo.

Muhimu ni unavyoiweka. Nenosiri la databesi liwekee kSecAttrAccessibleWhenPasscodeSetThisDeviceOnly pamoja na SecAccessControl ya biometryCurrentSet. Hapo haliendi kwenye bakapu, haliendi simu mpya, mtu akiondoa nywila ya simu linafutika, na akiongeza uso au kidole kipya linakuwa halisomeki. Ukitumia LAContext evaluatePolicy (ombi la kawaida la kidole au uso) peke yake utapata ndiyo na hapana ile ile ya upande wa Android na itarukwa vile vile. Tokeni ya kusukuma data nyuma ya pazia iwekee AfterFirstUnlockThisDeviceOnly, la sivyo kusukuma kutafeli kila simu ikiwa imefungwa.

Faili la databesi lenyewe lipe NSFileProtectionComplete, maana kawaida yake ni kwamba faili linasomeka muda wote baada ya simu kufunguliwa mara moja tangu iwashwe, na watu wengi simu zao hawazizimi wiki nzima.

Kwa upande wa kubahatisha nywila Apple wameandika kwamba jaribio moja limepimwa lichukue kama milisekunde 80 na lazima lifanyike kwenye kifaa chenyewe, juu yake kuna kucheleweshwa kwa kukosea. Hiyo ndo faida ya hadwea kwa namba.

Na kuna jambo linalowashtua wengi, vitu vya Keychain vinabaki hata apu ikifutwa. Simu ikihamishiwa kwa mhudumu mwingine, apu ikawekwa upya, tokeni ya wa kwanza bado iko mle. Weka alama kwenye UserDefaults (hifadhi ya mipangilio ya apu), ambayo yenyewe inafutika, na ukiona haipo safisha Keychain kabla ya kufanya lolote. Android haina shida hiyo, apu ikiondolewa funguo zake zinaondoka nayo.

---

mama_apu

Asanteni sana, sasa naona pale jamaa alipopita. Nina hofu moja kubwa ambayo naona mnaizunguka. Mhudumu akiongeza kidole cha pili kwenye simu yake ufunguo unakufa, au akiondoa kufuli ya skrini unakufa. Kwa data ambayo ishafika kwenye seva sawa, tunaivuta tena. Lakini kuna watu wanakaa siku kadhaa bila mtandao wakiwa na rekodi mpya ambazo hazipo sehemu nyingine yoyote duniani. Hizo zikipotea ni mgonjwa aliyepimwa na majibu yake yamepotea. Mi siwezi kuilinda siri yake kwa kuipoteza.

---

kitasa

Swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu na ndo linatofautisha apu ya kazi na apu ya maonyesho.

Kweli, ufunguo wa kidole cha kila mara ukiongezwa kidole kipya unakufa moja kwa moja na unapata KeyPermanentlyInvalidatedException, na kuzima kufuli ya skrini kunaua funguo zote zinazodai uthibitisho. Usizime hiyo tabia kwa setInvalidatedByBiometricEnrollment(false) bila kufikiri, iko pale kwa sababu mtu akijua PIN ya mwenzake anaweza kujiongezea kidole chake.

Tenganisha data za kusoma na data za kutuma. Seva iwe na jozi yake ya funguo, na ule wa umma apu inautembeza ndani yake. Kila rekodi mpya inapoandikwa inawekwa sehemu mbili: kwenye databesi ya kawaida ambayo mhudumu anaisoma, na kwenye kisanduku cha kutuma ikiwa imesimbwa kwa ufunguo wa umma wa seva. Hicho kisanduku simu yenyewe haiwezi kukisoma, mwizi hawezi, mwenye ruti hawezi, mhudumu mwenyewe hawezi, ni seva tu. Kwa hiyo hakihitaji ufunguo wowote wa simu ili kiishi. Kidole kikibadilika databesi ya kusoma inafutwa na kuvutwa upya, kisanduku kinabaki kimekaa kikisubiri mtandao na hakuna mgonjwa aliyepotea. Na kutuma kunaweza kufanyika usiku simu ikiwa imefungwa maana hakuna cha kusimbua.

Ufunguo wa siri wa seva nao usiuache kwenye faili la mipangilio. Kule kuna HSM (kifaa maalumu cha kutunzia funguo), ni wazo lile lile la hadwea kwa ukubwa wa seva.

Na bakapu. Hii inaangusha apu nyingi: data iliyosimbwa inapanda kwenye bakapu, ufunguo haupandi, mtu ananunua simu mpya, apu inarudishwa na faili ambalo haliwezi kufunguliwa na lolote, inapata AEADBadTagException (kosa la kushindwa kusimbua) ikifunguka inaanguka, ikifunguka inaanguka. Weka allowBackup kuwa false lakini usiishie hapo, kwa apu zinazolenga Android 12 kwenda juu kuna watengenezaji ambao kuhamisha data simu kwa simu kunaendelea hata ukiweka false, kwa hiyo andika dataExtractionRules na uitoe databesi na kifurushi cha ufunguo kwenye sehemu zote mbili, ya wingu na ya kuhamisha kifaa. Kisha kamata hiyo eksepsheni, futa, anza upya kwa utulivu.

---

seva_kwanza

Mi ni mtu wa seva nawaangalia tu mnavyomlinda kila mtu isipokuwa tokeni. Tokeni ya kawaida ni kwamba aliyenayo ndo mwenyewe, ikinakiliwa mara moja inatumika popote mpaka iishe. Mkiwa na hadwea kwenye simu kuna njia nzuri kuliko kuificha: ifungeni kwa ufunguo. Simu inatengeneza jozi ya P-256 ndani ya TEE au Secure Enclave, seva inaupokea ule wa umma wakati wa kujiandikisha, na kila ombi linabeba sahihi fupi iliyotengenezwa na ule wa siri. Tokeni ikinakiliwa bila ufunguo ni maandishi tu, na ufunguo hautoki. Kiwango chake kipo kinaitwa DPoP, RFC 9449 ya mwaka 2023, msianze kubuni cha kwenu.

Sasa seva itajuaje kwamba huo ufunguo wa umma umetoka kwenye hadwea na sio kwenye hati ya mtu aliyeko kwenye kompyuta? Android 7.0 kwenda juu kuna uthibitisho wa ufunguo. Seva inatoa changamoto nasibu, apu inaiweka kwa setAttestationChallenge wakati wa kutengeneza ufunguo, inarudisha mnyororo wa vyeti unaoishia kwenye mzizi wa Google. Ndani ya cheti kuna ngazi ya usalama kama ni TEE au StrongBox au programu tupu, kama bootloda (programu inayowasha mfumo wa simu) imefungwa, hali ya uwashaji uliothibitishwa, kiraka cha usalama kina umri gani, na jina la apu pamoja na alama ya sahihi yake. Haya yote yamesainiwa na hadwea. Ukaguzi ufanyike kwenye seva, msije mkaufanya ndani ya apu mkarudi kule kwa ndiyo na hapana. Na mkague orodha ya Google ya vyeti vilivyofutwa, kwa sababu funguo za uthibitisho za baadhi ya simu zimeshawahi kuvuja na watu wanazitumia kujifanya ni simu safi. Kwa iPhone kuna App Attest tangu iOS 14, haina maelezo mengi hivyo lakini inajibu swali hilo hilo kwamba hii ni apu yenu kwenye kifaa halisi.

Dada ulisema jamaa alitumia simu iliyorutiwa. Kwa kawaida bootloda ikiwa wazi cheti kinasema hivyo, na hapo wewe ndo unaamua. Ushauri wangu usimfungie mtu kabisa, mwenye simu ya namna hiyo mruhusu aandike na kutuma kupitia kile kisanduku cha kitasa, ila seva isimpe historia za wagonjwa wengine. Anafanya kazi, na akiibiwa hakuna cha maana mle.

Kuna kitu kingine nimekitafuta kwenye uzi huu sijakiona. Kwani simu inahitaji wagonjwa wote? Mhudumu anayeona watu ishirini leo abebe hao ishirini, na rekodi ambayo seva imethibitisha kuipokea ifutwe kwenye simu baada ya siku chache. Data ambayo haipo kwenye simu haihitaji ufunguo, haihitaji chipu, haihitaji kidole.

---

mama_apu

Hapo kwenye kubeba wachache umenigusa, saa hivi tunapakua kituo kizima kwa sababu tu ilikuwa rahisi kuandika hivyo. Ntaanza na hilo pamoja na kisanduku cha kutuma, maana hivyo viwili havitegemei aina ya simu, kisha ufunguo wa kidole. Swali moja dogo kwa seva_kwanza: simu za zamani, nyingine zinanirudishia ngazi ya programu kwenye uthibitisho, hizo nazifanyaje?

---

seva_kwanza

Zichukulie kama zile zenye bootloda wazi, ziandike na zitume, zisipokee historia. Na kwenye seva weka rekodi ya ngazi ya kila ufunguo tangu siku ya kujiandikisha, ili mwaka ujao ukitaka kupandisha kiwango ujue ni wahudumu wangapi utawagusa na ni nani wa kutafutiwa simu nyingine kabla hujawabana. Changamoto iwe na muda mfupi, dakika chache tu, na itumike mara moja.

---

chipu_ndogo

Na wakati wa kujiandikisha jaribu StrongBox kwanza, ikikataa TEE, ikikataa ndo ushuke, kwa mpangilio huo. Kuna simu zinasema zina StrongBox afu ombi linachukua muda mrefu kweli, kwa hiyo lifanyie nje ya uzi mkuu wa apu (main thread, unaochora skrini), usije ukaona skrini imeganda ukadhani imekufa.